Mistari ya Nyasi na Walioichora

Uwanja wa mpira wenye mistari ya kijani, mmoja umekolea na mwingine umefifia, humfanya mtazamaji adhani zimepandwa nyasi za aina mbili. Nyasi ni zile zile. Rola ya mashine ya kukata nyasi huzilaza kuelekea inakokwenda. Zilizoinama kumwacha mtazamaji huakisi mwanga zikang'aa. Zilizoinama kumwelekea huonyesha ncha na vivuli, zikakolea. Akihamia upande wa pili wa uwanja, mistari hubadilishana sura.

Ufundi huu uliisubiri mashine. Katika karne ya 17, mbunifu André Le Nôtre alipotandaza bustani za Versailles, Ufaransa, nyasi zilifyekwa kwa mkono, na kwenye mashamba ya makabaila wa Uingereza kondoo walisaidia. Edwin Budding, fundi wa Stroud, ndiye aliyegeuza mambo. Viwanda vya sufu vya kwao vilikuwa na mashine ya visu vya kuzunguka iliyonyoa vinyuzi vilivyochomoza juu ya kitambaa. Budding aliona kuwa ardhi nayo inaweza kunyolewa hivyo, na mwaka 1830 akapata hataza ya mashine ya kukata nyasi. Rola ya nyuma aliiweka izungushe visu. Mistari ilikuja yenyewe, bila kuombwa, na kwangu hapo ndipo penye uzuri wa historia hii.

Farasi walipoanza kuvuta mashine kubwa, walivishwa viatu vya ngozi ili kwato zisichimbe nyasi. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikauza mashine ya petroli.

Hatua kubwa ya kisanii ilitokea Marekani. Mwaka 1993, tamasha la mwanamuziki Paul McCartney liliuharibu uwanja wa besiboli wa Milwaukee. David Mellor, mtunza uwanja, alikata nyasi kwa michoro iliyoyapoteza macho yasione madoa. Baadaye alihamia Fenway Park, Boston, na ufundi wake ukaenea. Yeye na wenzake wanajua sharti lake: mchoro usirudiwe daima njia ile ile, la sivyo nyasi huzoea kulala na magurudumu huacha mifereji. Kwa hiyo uzuri hudai afya ya nyasi kwanza.

Katika soka, huko Leicester, Uingereza, mtunza uwanja John Ledwidge alipamba uwanja kwa miduara na pembe msimu wa 2015/16, klabu ya mji huo ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu. Kuanzia msimu wa 2017/18 Ligi Kuu ikapiga marufuku michoro, ikabakiza mistari iliyonyooka ya kukatiza uwanja. Mistari hiyo humsaidia mshika kibendera kuamua kuotea, sababu yenye uzito. Hata hivyo naona ligi ingeweza kuwaachia mafundi walau mechi chache za mwaka, kwa kuwa kwenye besiboli wanaendelea kuchora na mchezo haujapungukiwa na kitu.