Sanduku la kadi na kilugha cha bibi

Wadau, siku hizi ukipanda daladala utamkuta mtu anajifunza Kikorea kwenye simu. Akikosea neno, programu inamrudishia lile lile. Akipatia, linawekwa pembeni kwa siku kadhaa. Wengi wanadhani ujanja huu umeletwa na simu. Wapi! Ni mzee kuliko kompyuta.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima anasahau kwa kasi gani. Aligundua kwamba tunasahau haraka mwanzoni, na kwamba kurudia kwa siku tofauti kunasaidia kuliko kukariri kwa mkupuo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza kitabuni sanduku la kadi lenye vyumba: kadi uliyopatia inasogea chumba cha mbele, utaiona tena baadaye, uliyokosea inarudi chumba cha kwanza. Hakuna umeme, hakuna vocha.

Mwaka 1987 Mpolandi Piotr Woźniak, mwanafunzi aliyetaka msamiati wa Kiingereza umkae kichwani, akaandika programu ya SuperMemo. Sasa kompyuta ndiyo ikapanga siku ya kurudia. Anki ikaja mwaka 2006, ambayo kwenye kompyuta ni ya bure na kadi unaandika mwenyewe. Duolingo ikafunguliwa kwa umma mwaka 2012, na mwaka 2017 ikaweka somo la Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza, lililoandaliwa na watu waliojitolea.

Sasa tuulizane. Mashine inajua umesahau nini, lakini kinachostahili kukumbukwa anaamua anayeandika kadi. Kampuni hutazama kwanza lugha zenye wanafunzi wengi. Je, nani atakuandikia Kipare au Kinyakyusa? Wengi wetu tuliokulia mjini, bibi anatusalimia kwa kilugha, sisi tunamjibu kwa Kiswahili. Wajukuu zake wengine hata salamu hawaijui.

Historia hii inaonyesha kwamba huhitaji kumsubiri mtu. Kaa na bibi, muulize, andika sentensi nzima nzima, kwa sababu neno moja moja halikufundishi kuongea. Zitie kwenye Anki au kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano. Halafu kila wiki mpigie simu bibi, uzitumie.

Kuna aliyeanza? Tuambizane.