Kiingereza Kilichotolewa kwa Kibaba

Wengi husema Kiingereza kililazimishwa kwa Wabukusu. Historia ya Bungoma kwao, eneo la Bokoli likiwemo, inaonyesha kwamba kwa miaka mingi walinyimwa lugha hiyo kwanza, ndiyo maana ikatafutwa kwa udi na uvumba. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia jirani yalikuwa yakitafuta vibarua. Mlowezi aliwaamrisha kwa Kisetla, Kiswahili kilichonyofolewa ngeli, na aghalabu hakutaka kibarua anayeelewa mazungumzo ya mezani pake. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi, ndani ya kikopo cha bati, mara nyingi shingoni, na mwajiri ndiye aliyejaza humo rekodi ya kazi na mshahara. Asiyejua kusoma alitembea na habari zake asizoweza kuzikagua.

Kazi za kivulini, yaani ukarani, ukalimani wa mahakama na ualimu, zilitaka shule. Wamishonari wa Friends (Quakers), walioanza Kaimosi mwaka 1902, walitanguliza usomaji wa Biblia kwa lugha za nyumbani. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyozuru Kenya mwaka 1924, nayo ilitaka lugha ya mama madarasa ya chini na Kiingereza kije baadaye. Kwenye karatasi ni busara. Lakini madarasa ya juu yalikuwa machache, na aliyeachwa njiani na mtihani alirudi shambani bila lugha ya ofisi.

Watu watauliza: na kile kibao alichovishwa mtoto aliyeteleza kwa lugha ya mama? Kilikuwepo, na kilikuwa ukatili. Ila kiliwapata waliokwisha kuingia shuleni. Walio nje walikuwa bado wanapiga foleni. Pingamizi zito zaidi ni la mkulima wa mahindi: chini ya udhibiti wa mahindi wa mwaka 1942 Mwafrika alilipwa kidogo kuliko mlowezi, na Kiingereza kisingempandishia bei hata senti. Hapo nakubali. Lugha ilimwinua mtu mmojammoja, haikugusa sheria.

Ndiyo maana Tume ya elimu ya Ominde ya mwaka 1964, ilipopendekeza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, haikuwa ikitumikia kasumba tupu. Ilikuwa ikifungua mlango uliobanwa muda mrefu. Ilipokosea ni kuufungua mapema mno, kabla mtoto wa Bokoli hajajua kusoma Kibukusu anachokizungumza nyumbani.