Kisa cha Pili Kina Kazi Gani?

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alitaka tanzia iwe na tendo moja lililokamilika. Zile zenye hatima mbili, mwema akipata lake na mwovu lake, alizishusha daraja. Roma haikumfuata. Mwaka 160 kabla ya Kristo, Terence aliwaweka jukwaani ndugu wawili, mmoja amelelewa na ami mpole, mwingine na baba mkali, na kila mmoja ana mapenzi yake ya siri. Malezi ya huyu ndiyo yanayoyapima ya yule.

Aliyelifikisha jambo hili kileleni, kwa maoni yangu, ni Shakespeare katika King Lear. Hadithi ya mfalme na binti zake watatu ilikuwa inajulikana tayari. Yeye aliongeza ya Gloucester, aliyoitoa katika Arcadia ya Philip Sidney, iliyochapishwa 1590. Lear anamfukuza binti anayempenda. Gloucester anamwamini mwana mwongo na kumsaka mwana mwaminifu. Mtu atasema ni yale yale. Sivyo. Lear anateseka akilini, Gloucester mwilini: anang'olewa macho mbele ya watazamaji. Bila yeye, wazimu wa Lear ungekuwa msiba wa nyumba moja. Wawili hao wanapokutana karibu na Dover, kipofu na mwendawazimu, tunajua nchi nzima imeoza.

Kisa cha pili kisichogusa cha kwanza ni mzigo. Katika Le Cid ya Corneille (1637), binti mfalme anampenda shujaa, na pendo lake halibadilishi kitu. Wakosoaji walilalamika, na baadaye waigizaji wakamwondoa kabisa. Naona walikuwa na haki.

Lakini kugusana si lazima kuwe kwa matukio. Anna Karenina na Levin wa Tolstoy wanakutana mara moja tu, riwaya ikikaribia kwisha, ilhali ndoa ya mmoja inajengeka huku ya mwingine ikibomoka, na huwezi kuisoma moja bila kuiwaza nyingine.

Shaaban Robert alikwenda mbali zaidi katika Kusadikika (1951). Karama ameshitakiwa, na utetezi wake ni kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema, wakarudi na kuadhibiwa. Msomaji anayeruka safari mbili tatu ili awahi hukumu ameruka ushahidi wenyewe. Kwa visa hivyo Karama anashinda kesi.