Chuma Hakikuletwa na Meli

Nilipotea kidogo, BTP imenibana kweli kweli. Leo nina deni, naomba nilitubu hapa mbele yenu.

Wiki iliyopita nilifundisha kutu, kemia kidato cha kwanza. Si mnakumbuka ile misumari mitatu? Mmoja kwenye maji ya kawaida, mmoja kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, mmoja kwenye hewa kavu. Unaoota kutu ni wa kwanza tu, maana kutu inataka maji na oksijeni kwa pamoja. Kipindi kikaenda poa. Nikauliza kama kuna swali, binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kabla ya Wazungu, babu zetu chuma walipata wapi?" Mimi bila hata kufikiri: "Kililetwa na meli." Kengele ikalia, nikatoka kifua mbele.

Jumamosi nikapita Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi wa Kingoni hapa hapa Songea, kwa siku moja. Nikiwa mbele ya mikuki nikamkumbuka yule binti. Meli gani ilitia nanga Songea jamani? Nikaona aibu, nikaenda maktaba kusoma.

Kumbe Wangoni walipotoka kusini, katika miaka ya 1840 walifika Ufipa, kabla ya baadhi yao kuja huku kwetu. Na Wafipa walikuwa mafundi wa chuma hasa. Tanuri lao la udongo lilikuwa na kimo cha kama mita 3, na lilifanya kazi bila mivukuto. Urefu wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini, kama bomba la moshi. Baada ya siku kadhaa za moto, bonge lililotoka lilipelekwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe au mkuki. Wapangwa nao, majirani zetu wa Ludewa, waliyeyusha chuma.

Sasa kemia yake. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Mkaa ukiungua penye hewa kidogo unatoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo inainyang'anya chuma oksijeni yake:

Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538, na tanuri la udongo halikuhitaji kufika huko. Kwenye nyuzi 1200 hivi zile takataka zinayeyuka na kutiririka, ndiyo mavi ya chuma, na chuma chenyewe kinabaki bonge lenye matundu kama sifongo. Linalobaki ni kulipiga nyundo likiwa jekundu.

Na kutu? Kutu ni safari ya kurudi. Chuma kinaichukua tena oksijeni yake, pamoja na maji, kinakuwa ndugu wa lile jiwe lilikotoka. Hata udongo wetu mwekundu umepata rangi hiyo kwa chuma kilichoshika oksijeni. Ndiyo maana jembe lako likilala nje masika linaanza kurudi udongoni. Bati jipya linadumu kwa sababu limepakwa zinki, nayo inakubali kuliwa kwanza. Ikiisha, unaona paa jekundu kama yale ya nyumba za zamani hapa mjini.

Kilichozima matanuri ya Ufipa si ujinga. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 majembe ya viwandani kutoka nje yalijaa kwa bei rahisi, na kukesha siku kadhaa motoni kukawa hasara. Vijana hawakujifunza tena. Kizazi kimoja, viwili, halafu anakuja mwalimu mwanafunzi kama mimi na kuwaambia watoto kwamba hatukuwahi kujua. Na hayo yote wakati tuna milima ya Liganga, huko huko Ludewa, yenye chuma tele!

Jumatatu nimeomba dakika 10 za mwalimu wa darasa. Nitaanza na yule binti, nimwambie swali lake lilikuwa zuri na jibu langu lilikuwa la uongo. Halafu nitaandika ile fomula ubaoni, na pembeni yake nitachora tanuri la Wafipa.

Niombeeni. Wikiendi njema, tuko pamoja.