Hadhira na Hatima ya Tamthilia ya Tashtiti nchini Kenya, 1977–2025

Uhakiki wa tamthilia ya tashtiti nchini Kenya umeegemea mno maandishi. Aghalabu mhakiki huchukua kitabu, akabainisha wahusika, maudhui na matumizi ya lugha, kisha akahitimisha jinsi mwandishi anavyoukejeli utawala. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya utanzu huu haieleweki pasipo kuichunguza jioni ya maonyesho, yaani zile saa chache ambapo watu huketi pamoja wakatazama na kucheka. Wenye mamlaka waliutambua ukweli huu mapema kuliko wahakiki. Mara kwa mara wameacha kitabu kisomwe, wakauzuia mkutano wa watazamaji.

Mfano wa kwanza ni ule wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Tarehe 2 Oktoba 1977, Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilianza kuonyeshwa katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Mazoezi yalikuwa yamefanywa hadharani, na wenyeji waliokuja kutazama waliwasahihisha waigizaji kuhusu lugha na mwenendo wa wahusika. Tarehe 16 Novemba leseni ilifutwa, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Hata hivyo, tamthilia hiyo hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ikatoka mwaka 1982. Ni mwaka huo huo wa 1982, mwezi wa Machi, ambapo askari walikwenda kuubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Kitabu kilibaki madukani. Viti vya watazamaji ndivyo vilivyong'olewa.

Mfano wa pili unafanana na huo. Tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, Shamba la Wanyama, ilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Kwa zaidi ya miongo miwili msomaji wa Kiswahili aliweza kukisoma kisa cha nguruwe waliogeuka mabwana. Lakini mwaka 1991, vuguvugu la kudai vyama vingi lilipokuwa limepamba moto, kisa hicho kilipotayarishwa kwa ajili ya jukwaa, maonyesho yake yalipigwa marufuku.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu, kwa maoni yetu, limo katika umbo la tashtiti yenyewe. Tashtiti husema kwa mafumbo. Haimtaji mtawala kwa jina. Humwonyesha mtu mnene, fimbo mkononi, au hulirudia neno ambalo taifa zima limekwisha kulisikia redioni. Afisa wa leseni aliyesoma mswada angeweza asione la kushtakiwa. Fumbo hufumbuliwa na watazamaji, na hulifumbua kwa kicheko. Anayesoma peke yake chumbani huweza kukikana kicheko chake. Anayecheka ukumbini humwona jirani yake naye akicheka, na hapo kila mmoja hutambua kwamba alilokuwa akilifikiri kwa siri linafikiriwa na wengi. Utambuzi huo haumo katika mswada.

Wahome Mutahi, aliyefungwa katika miaka ya 1980 kwa tuhuma za kisiasa, na aliyefahamika zaidi kwa safu yake ya gazetini, Whispers, aliuelewa vyema mkabala huu. Tamthilia zake za Kigĩkũyũ, kama vile Mugaathe Mubogothi, yaani mtukufu anayepayuka, alizipeleka kwenye mabaa. Watazamaji walikaa na chupa zao na nyama yao. Waigizaji walipita katikati ya meza, wakawauliza maswali, nao wakajibiwa. Mlevi aliyeropoka aliweza kuingizwa katika mchezo. Katika mazingira haya mpaka kati ya jukwaa na hadhira ulififia, na kila jioni ikawa na mchezo wake. Mutahi alifariki mwaka 2003. Miswada haitoshi kutueleza ni nini hasa kilichosemwa kutoka mezani.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni ya zama za chama kimoja na mwangwi wake. Matukio ya Shule ya Wasichana ya Butere yanakanusha. Mwaka 2013 tamthilia yao Shackles of Doom ilizuiwa, kisha Mahakama Kuu ikaamuru ionyeshwe. Mwezi wa Aprili 2025, huko Nakuru, mahakama ilikuwa tayari imeamuru Echoes of War iruhusiwe. Wanafunzi waliingia ukumbini, mwelekezi wao akiwa amezuiwa kuwafikia, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nje, polisi walitumia vitoa machozi kuwatawanya waliokuja kutazama. Amri ya mahakama ilikuwa imelinda haki ya kuigiza. Haikuweza kuwapatia wasichana wale watu wa kuwatazama.

Hatuna budi, basi, kupanua uwanja wa utafiti wetu. Wapo bado wazee wa Limuru waliokaa katika viti vile vya mwaka 1977, na wapo waliokuwa wateja wa mabaa ya miaka ya 1990. Wanafunzi wetu wa uzamili wakatumwe kwao, wawaulize walicheka wapi, walinyamaza wapi, na waliambiana nini njiani wakirejea nyumbani. Maandishi yatatungoja maktabani. Mashahidi hawatatungoja.