Kamera ya Chokoraa wa Kharkiv Yazuru Eastlands

Mitaa ya zamani ya Eastlands, Nairobi, iko kwenye foleni ya kubomolewa ili kupisha maghorofa ya nyumba za bei nafuu. Shauri Moyo imetajwa, Makongeni imetajwa, Ziwani imetajwa, na kila msimu wa siasa huongeza jina jingine. Wapenda picha wameanza kupita huko na simu zao kabla matingatinga hayajafika. Mimi nilipita na kamera ya filamu, FED-2 ya Kisovieti, niliyoinunua majuzi kwa muuzaji wa vitu kuukuu aliyekuwa akiinadi kama "Leica ya Mjerumani". Si Leica, na sikuilipia bei ya Leica. Lakini nasaba yake inawahusu watu wa Eastlands kuliko Leica yoyote, maana kamera za kwanza za jina hilo ziliundwa na chokoraa.

Mwanzo wa habari unajulikana. Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz, Ujerumani, alibuni kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, ikaingia sokoni mwaka 1925. Mwaka 1932 ikaja Leica II, ambayo lenzi yake imeunganishwa na renjifainda, yaani kile kipimo cha umbali kinachomwonyesha mpigaji taswira mbili za kitu kimoja mpaka azungushe lenzi zikalaliana. Hapo ndipo mwandishi wa habari alipoweza kubeba kamera mfukoni. Hapo pia ndipo Wasovieti walipoitamani, wakainakili bila kuomba ruhusa ya mtu.

Walioinakili hawakuwa mafundi wa saa wala maprofesa wa miale ya mwanga. Vita vya kwanza vya dunia, vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa ya 1921 viliacha mamilioni ya watoto wa Urusi na Ukraine bila mzazi wala paa. Walilala kwenye vituo vya treni, wakaiba mikate, wakapigana visu. Mwalimu mmoja wa Ukraine, Anton Makarenko, alikabidhiwa kundi lao karibu na Poltava mwaka 1920. Habari nyingi za hapa nazitoa kwenye vitabu vyake mwenyewe, na msomaji atahadhari: Makarenko anapomsimulia Makarenko, Makarenko hushinda.

Hata hivyo, jambo moja hakulificha. Majira ya baridi ya kwanza alimwomba kijana mmoja, Zadorov, akapasue kuni za jikoni. Kijana akamjibu kwa dharau. Makarenko akampiga makofi mpaka akayumba, mbele ya wenzake, kisha wote wakatoka kwenda kupasua kuni. Kisa hicho akakiandika kitabuni kwa mkono wake. Wakubwa wa elimu hawakumsamehe. Waliona watoto wanapiga tarumbeta na ngoma, wanaandamana kwa vikosi vyenye makamanda, wanahukumiana barazani, wakauliza kama hii ni shule au kambi ya askari. Mei 1928 Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin, aliyekuwa na sauti kubwa katika mambo ya elimu, alisimama kwenye mkutano mkuu wa vijana wa chama akaushutumu mtindo wake hadharani. Mwaka huohuo Makarenko akaondoka kwenye kituo alichokijenga.

Aliyemwokoa ni mtu ambaye hungemtarajia: polisi wa siri. Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa Cheka, alikuwa pia ameongoza tume ya kuwasaidia watoto wa mitaani. Alipofariki mwaka 1926, maafisa wake wa Ukraine walichanga fedha wakajenga jumuiya ya vijana huko Kharkiv kwa kumbukumbu yake, wakamweka Makarenko kuisimamia. Ilifunguliwa mwishoni mwa Desemba 1927. Watoto walisoma nusu ya siku, na kwa muda wa saa nne wakafanya kazi kiwandani. Walianza na viti na meza, wakapanda hadi keekee za umeme mwaka 1932, na mwaka huohuo wakaunda kamera za kwanza za majaribio kwa kufungua Leica na kuinakili skrubu kwa skrubu. Kufikia 1934 zilikuwa zikitoka kiwandani kwa mfululizo. Zikaitwa FED, herufi za kwanza za majina matatu ya bosi wa polisi wa siri.

Sitaki kuipaka sukari. Jina juu ya kamera yangu ni la mtu aliyewamaliza wengi. Wahandisi na wafanyakazi wa kuajiriwa nao waliongezeka kadiri kiwanda kilivyokua, na Makarenko akahamishiwa Kiev mwaka 1935. FED-2 ilianza kuundwa 1955, wakati jumuiya ile imekwisha kuwa kiwanda kama viwanda vingine. Lakini hesabu ya msingi inabaki: watoto waliofukuzwa sokoni kwa mawe walipewa mashine za kukata chuma kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita, na kazi yao ikalijaza bweni lao mkate.

Nairobi nayo ilijaribu. Wakati wa Hali ya Hatari, Operesheni Anvil ya Aprili 1954 ilizoa wanaume wa Eastlands kwa maelfu na kuacha watoto barabarani. Wavulana waliokamatwa wakapelekwa Wamumu, kule Mwea, ambako Geoffrey Griffin, aliyekuwa afisa wa jeshi la wakoloni, alifanya kazi. Mwaka 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, akafungua Starehe kwa ajili ya watoto wa mitaani, kwenye vibanda viwili vya mabati, hatua chache kutoka Kariokor. Leo Starehe husifiwa kwa mitihani na kwa vigogo waliosoma pale. Wanaokumbuka kwamba mlango wake ulifunguliwa kwa chokoraa ni wachache, na sidhani hilo ni bahati mbaya.

Kamera yenyewe iliwafikia watoto wa upande huu mwaka 1997. Mpiga picha Mmarekani, Lana Wong, akishirikiana na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, aliwagawia wavulana na wasichana 31 wa miaka 12 hadi 17 kamera za plastiki za dola 30. Mradi ukaitwa Shootback, na kitabu chao kikatoka 1999. Wapiga picha wa kigeni walikuwa wamezoea kushuka Mathare saa nne asubuhi na kuondoka saa sita, wakiwa na mtoto mwenye kamasi kwenye kila fremu. Watoto wenyewe walipiga mama akisuka nywele, mechi, maji, mazishi, rafiki akicheka. Baada ya hapo simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, na habari ya filamu ikaishia hapo.

Basi nikaijaribu Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye nyumba fupi za mawe na nafasi ya kupumua ambayo maghorofa yajayo hayatakuwa nayo. FED-2 haina kipima mwanga. Jua la saa tano la Nairobi halihitaji kipimo: filamu ya 100, tundu la lenzi kwenye 16, kasi ya 1/100. Nilielekeza kwenye nguzo ya stima. Ndani ya kioo nguzo zilikuwa mbili, moja ya manjano hafifu, nikazungusha pete ya lenzi taratibu, ile ya manjano ikateleza kuelekea mwenzake, zikawa moja. Nikabonyeza. Mlio wake ni wa chini kuliko kikohozi.

Mzee aliyeketi kwenye kibaraza alikuwa akinitazama.

"Kijana, hiyo ni ya kanjo?"

"Hapana, Mzee, ni yangu mwenyewe."

"Haya, piga. Lakini usinitie kwenye orodha yao ya kubomoa."

Alikuwa na sababu ya kuulizia kanjo, yaani baraza la jiji. Mgeni anapopiga picha nyumba za Eastlands, mara nyingi anayefuata huwa na rangi nyekundu ya kuchora alama ya X. Kama kuna ofisi ya umma inayokusanya negativu za studio ndogo za Jericho, Burma au Maringo kabla mitaa hiyo haijavunjwa, ingefaa ijitangaze, maana negativu za harusi na ubatizo wa nusu karne zinaishia jalalani pamoja na milango na madirisha.

Filamu ilipooshwa, fremu nyingi zilikuwa safi, na chache zilikuwa na doa jeupe mahali palepale kila mara, dalili ya pazia la shata lililotoboka. Fundi atalipaka rangi. Picha ya nguzo ya stima ni kali mpaka unasoma namba iliyogongwa kwenye kibati chake, na mzee wa kibarazani anaonekana amefumba jicho moja.

Kwa wanaotaka kununua: vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi, ukigeuza utaratibu huo unaweza kuharibu mitambo ya shata. Na muuzaji akikuapia kwamba ni Leica, hata kama amechonga tai wa jeshi la Hitler juu yake, ifungue lenzi uchungulie ndani. Mkono wa renjifainda wa Leica huishia kwa kigurudumu cha duara. Ukikuta ncha bapa iliyochongwa kama kabari, ni mashine ya Kisovieti. Mlipe bei yake hiyo.