Huduma za dharura na uokoaji Dar es Salaam: ugharimiaji na malipo

Huduma za dharura na uokoaji katika Kinondoni, Temeke na wilaya zilizomegwa kutoka humo, Ubungo na Kigamboni, hugharimiwa kwa bajeti ya Serikali, tozo za ukaguzi na mifuko ya ndugu wa majeruhi. Nauli zinazotoka katika mifuko hiyo hazionekani katika hesabu za wizara yoyote.

Zimamoto

Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa vya halmashauri. Sheria Na. 14 ya 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na mishahara na magari yakawa mzigo wa Hazina. Kituo cha Barabara ya Morogoro kimelipa jina eneo zima; hata kituo cha mwendokasi hapo kinaitwa Fire.

Kupiga 114 ni bure, na aliyeunguliwa hadaiwi gharama za kuzimiwa moto. Jeshi hutoza ukaguzi. Wenye maduka, gesti, maghala na vituo vya mafuta hupewa namba ya malipo, wakalipa benki au kwa simu, kisha hupata cheti cha kutundika ukutani, jirani na mtungi wa kuzimia moto. Wafanyabiashara wamelalamikia kwa muda mrefu utitiri wa wakaguzi, maana OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao hupita na fomu zao. Mpango wa Serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, Blueprint, wa 2018 ulikusudia kupunguza kero hizo.

Kasoro ya utaratibu huu iko wazi. Mlipaji ni mwenye fremu ya barabarani, ambako gari hufika. Tandale na Manzese ndani, vichochoro havipitishi gari la maji, na wapangaji huanza na ndoo na mchanga. Baadhi ya kampuni za ulinzi zina magari yao ya zimamoto kwa ajili ya wateja wanaolipia.

Gari la wagonjwa

Magari ya hospitali za Mwananyamala na Temeke hutumika zaidi kuhamishia wagonjwa wa rufaa Muhimbili, ambako idara ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010. Majeruhi wa bodaboda kwa kawaida hufika kwa bajaji, na nauli hutolewa na msamaria au ndugu. Hufuata fomu ya polisi, PF3, kadi, kipimo na dawa, kila kimoja na risiti yake kwa asiye na bima. Utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama za matibabu ulianza mwaka 1993. Wenye magari binafsi ya wagonjwa hutaja bei kwenye simu kabla ya kuondoka.

Wajawazito na watoto wachanga wana njia nafuu: huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Anayepiga 115 hutumiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama kituoni.

Maafa makubwa

Hapa utaratibu hubadilika. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, Serikali ilitangaza kubeba gharama za matibabu na mazishi. Ajali ya mtu mmoja mmoja haina tangazo.

Baharini

Kwa uokoaji wa majini, Polisi Wanamaji wapo. Lakini Kigamboni mara nyingi wavuvi ndio huwahi kufika.

Hali ya sasa

Kwa majeruhi asiye na bima, jambo la kutazama ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023.